Vita Havina Macho



Mwezi wa Agosti ni mwezi wa kumbukumbu nzito. Tarehe 6 Kanisa Takatifu huadhimisha Sikukuu ya Kung'ara Bwana wetu Yezu Kristu, siku ambayo uso wake uliangaza kama jua mbele ya mitume watatu mlimani. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1945, nuru ya namna nyingine iliwaka juu ya mji wa Hiroshima katika nchi ya Japani. Nuru ile ya mlimani ilitoka usoni mwa Mwokozi. Nuru hii ya Hiroshima iliziunguza nyuso za watu hata mama asimtambue mwanawe. Siku tatu baadaye mji wa Nagasaki ulipatwa na msiba ule ule. Kabla ya mwaka kwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki.

Msomaji wetu wa Mlandege, mjini Iringa, aweza kuuliza: Mambo ya Japani yatuhusu nini sisi, tulio na mashamba ya kulima, watoto wa kusomesha na wagonjwa wa kuuguza? Twamjibu kwamba yatuhusu sana, kwa sababu mbili. Kwanza, fikira iliyozaa bomu lile ilikwisha kujaribiwa juu ya babu zetu. Pili, jiwe lililotiwa katika bomu la Hiroshima lilichimbwa kwa mikono ya Waafrika. Hebu tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine.

Wahenga walisema kwamba vita havina macho. Walisema hivyo kwa kusikitika, kwa maana walijua kuwa vita vikianza humpiga hata asiyehusika. Lakini karne ya ishirini ilifanya jambo ambalo wahenga hawakulifikiri: iliyang'oa macho ya vita kwa makusudi. Ilitengeneza silaha ambazo mwenye kuzitumia hana haja ya kumwona anayekufa.

Nchi yetu ya Nyanda za Juu Kusini ililiona badiliko hilo mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, mashujaa wa Mkwawa walilivamia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Wajerumani walikuwa na mizinga na bunduki za rashasha, zile ambazo wazee waliziita bombomu. Lakini zana hizo zilikuwa bado migongoni mwa punda. Mikuki ikafanya kazi yake, mtu na mtu, na baada ya muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya jeshi lake walikuwa wamelala chini. Hatuyataji mauaji yale ili kuyasifu. Twasema tu kwamba wengi walioua siku ile waliwaona waliowaua.

Miaka mitatu baadaye mambo yaligeuka. Mwezi wa Oktoba 1894 majeshi ya Gavana von Schele yaliizingira ngome ya Kalenga, na tarehe 30 ngome ikaanguka. Safari hii mizinga ilikuwa imekwisha kushushwa na kupangwa. Mapokeo ya wenyeji husema kwamba makombora yalirushwa kutoka kilima cha Tosamaganga, na kwamba jina lenyewe la kilima lina maana ya kurusha mawe. Juu ya kilima hicho ikajengwa baadaye misheni, na kengele ya sala ikalia mahali ambapo watu husimulia kuwa mizinga ililia. Mkwawa mwenyewe aliendelea kupigana porini hata tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa Ulaya kama kitu cha kuwekwa kabatini. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulidai fuvu lile lirudishwe. Lakini halikurudi Kalenga hata mwaka 1954, lilipoletwa na Gavana Twining. Tazameni jinsi vita visivyo na macho vinavyomfanya mtu, hata baada ya kufa, kuwa kitu tu.

Ikaja Vita ya Majimaji, mwaka 1905. Watawala wa Uhehe, ambao watu wao walikwisha kuionja nguvu ya bombomu, hawakujiunga nayo. Wengine wa kusini walijiunga, wakiamini kwamba dawa itayageuza marisasi kuwa maji. Pale Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, waliikabili boma yenye bunduki za rashasha wakaanguka kwa mamia. Wala hasira haikuwa ya upande mmoja. Tarehe 14 ya mwezi huo huo Askofu Kasiani Spiss, wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, aliuawa njiani pamoja na mabradha wawili na masista wawili, watu waliokuwa hawana silaha. Huo nao ni ushahidi kwamba vita havina macho.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilifuata baada ya mapigano. Maofisa wa Kijerumani waliona kwamba hawawezi kuwafuata wapiganaji kila pori na kila mlima. Wakaamua kwamba njaa ndiyo itakayoimaliza vita. Vijiji vikachomwa, maghala yakatiwa moto, mashamba yakaharibiwa, mbegu zikachukuliwa. Waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria wafu kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kwamba walifikia 250,000 na hata 300,000. Wengi wao walikuwa wanawake, wazee, na watoto wachanga, ambao hawakupata kushika mkuki.

Basi, wasomaji wapenzi, shikeni neno hili, kwa maana ndilo shina la maneno yetu ya leo. Fikira ya mwaka 1905 ilikuwa hii: Tukitaka kuwashinda wapiganaji, tuwaangamize watu wao. Fikira ya mwaka 1945 ilikuwa ni ile ile. Tofauti ni kwamba kusini mwa nchi yetu kazi ile ilihitaji miaka miwili na kiberiti. Hiroshima ilihitaji ndege moja na asubuhi moja.

Kati ya miaka hiyo miwili dunia ilipita katika vita vikuu viwili, na vyote viwili vilibisha hodi mlangoni petu. Tarehe 29 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Iringa. Katika vita ile wapagazi waliobeba vyakula na risasi walihesabiwa kwa malaki. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi wapatao milioni moja, na kwa hesabu yao wenyewe waliokufa walizidi 95,000, kwa homa, kuhara, njaa na uchovu. Huko Ugogo, majeshi yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, iliingia njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo wazee waliisimulia kwa vizazi. Iringa pana makaburi ya askari wa vita hiyo, yaliyotunzwa vizuri, na majina yamechorwa juu ya mawe. Lakini makaburi ya wapagazi yako wapi? Mwaka 2021 halmashauri ya Waingereza yenye kutunza makaburi ya vita ilikiri waziwazi na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi sana waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina yao mahali popote. Waliowabebesha mizigo hawakuziona nyuso zao walipokuwa hai, na hawakuyaona majina yao walipokufa.

Katika vita ya pili Watanganyika wapatao 87,000 walivaa sare, na wengi wakavuka bahari kwenda Burma. Wakati huo huo vita ilituletea wageni. Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwao na kupelekwa Siberia, wengi wao wanawake na watoto, walifika Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1942, baada ya kupita Uajemi. Baadhi yao waliwekwa Ifunda, katika Iringa, na wengine Kidugala, upande wa Njombe. Makaburi ya waliofia huko yapo hadi leo. Wenyeji wetu, waliozoea kumwona Mzungu akiwa mtawala mwenye kuamuru, wakamwona sasa akiwa mjane, yatima na mkimbizi, mwenye kuhitaji kibanda na unga. Hilo nalo ni fundisho: ukiuona uso wa mtu aliyeumizwa, huwezi tena kumwita adui kwa urahisi.

Sasa tufike kwenye lile jiwe. Huko Katanga, katika nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji, pana mgodi uitwao Shinkolobwe. Madini yake ya urani yalikuwa mazito kwa nguvu kuliko yale ya mahali pengine popote palipojulikana. Mwaka 1940 Bwana Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za madini hayo, na baadaye Wamarekani walinunua mengine mengi. Kutokana na mawe hayo ndiyo ilipatikana sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya kutengeneza mabomu. Wachimbaji Waafrika waliyachimba na kuyabeba, wala hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Wale wapagazi wa mwaka 1916 walijua angalau kwamba wanabeba risasi. Ndugu zetu wa Katanga walibeba kifo cha mji mzima, nao wakadhani wanabeba mawe.

Huko Nagasaki bomu liliangukia karibu na Urakami, mtaa uliokuwa kitovu cha Wakatoliki wa Japani, watu ambao babu zao waliishika imani kwa siri zaidi ya miaka 200 bila padre. Kanisa lao kuu lilibomoka. Mapadre wawili na waamini waliokuwa wakingoja kuungama, wakijitayarisha kwa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, walikufa humo. Kati ya Wakatoliki wapatao 12,000 wa Urakami, wapatao 8,500 waliangamia. Na marubani waliotoka kisiwa cha Tinian walikuwa na padre wa kuwahudumia, Padre George Zabelka. Miaka mingi baadaye padre huyo alitubu hadharani, akisema kwamba alinyamaza wakati ilipompasa kusema. Twalitaja jina lake kwa heshima, maana si watu wengi wa vita ile waliothubutu kutubu hivyo.

Watu wengine watatupinga. Watasema: "Bomu lile lilimaliza vita. Kama lisingeangushwa, wangekufa wengi zaidi." Hoja hii hatuidharau, maana wengi walioisema walikuwa watu wema waliochoka kuzika vijana wao. Lakini twawauliza: Je, mko tayari kuisema hoja hiyo juu ya makaburi ya Ungoni na Umatumbi? Maofisa wale wa mwaka 1905 nao walisema kwamba njaa itaimaliza vita upesi. Na kweli vita ilikwisha. Je, kwa hiyo ilikuwa haki kuchoma chakula cha mtoto mchanga? Hakuna hata mmoja kati yetu atakayekubali. Basi, tukilikataa jambo hilo kwa watoto wa Songea, tutalikubalije kwa watoto wa Nagasaki? Haki haina mizani miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa mbali. Kanisa lafundisha daima kwamba haifai kutenda ovu ili jema litokee. Nao maaskofu waliokutana katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwezi Desemba 1965, walitamka kwamba kitendo chochote cha vita chenye kuangamiza miji mizima na watu wake bila kuchagua ni dhambi mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu.

Mtaguso haukusema hayo bure. Mwezi wa Oktoba 1962 Marekani na Urusi zilifika ukingoni mwa vita ya atomiki kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Kuba. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alisema redioni akiwasihi wakuu wa dunia wasikilize kilio cha watu. Tarehe 11 Aprili 1963, akiwa mgonjwa wa kufa, alitoa barua yake juu ya amani duniani, akaiandikia si Wakatoliki tu, bali watu wote wenye mapenzi mema. Mwaka 2019 Papa Fransisko alisimama Hiroshima akaongeza neno jingine: si kulitumia bomu tu kulikosa uadilifu, bali hata kuwa nalo.

Afrika nayo haikukaa kimya. Wafaransa walipolilipua bomu lao la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960, Waafrika wengi walipiga kelele. Mwaka 1964, mjini Kairo, wakuu wa nchi huru za Afrika walitangaza kwamba hawataki silaha za atomiki katika bara hili. Afrika ya Kusini, iliyokuwa imetengeneza mabomu sita kwa siri, iliyavunja yote, na mwaka 1993 ikatangaza jambo hilo mbele ya dunia. Mkataba wa Pelindaba ulifunguliwa utiwe sahihi Kairo tarehe 11 Aprili 1996, miaka 33 kamili baada ya barua ya Papa Yohane, ukaanza kutumika mwaka 2009. Hata hivyo ulimwengu haujapona. Mabomu yaliyofikia kama 70,000 katikati ya miaka ya 1980 yamepunguzwa, lakini bado yapo kama 12,000 mikononi mwa nchi tisa.

Mtu mwingine atasema: "Rwanda, mwaka 1994, watu waliuana kwa mapanga, na mwenye panga humwona anayemkata. Mbona macho hayakumzuia?" Ni swali zuri, nalo lafaa kutushtua. Huko Rwanda macho yalikuwa yamekwisha kupofushwa kabla ya panga kuinuliwa. Kwa miezi mingi redio na magazeti yaliwaita majirani mende, mpaka watu wakaacha kuwaona kuwa watu. Kaini naye alimwua Abeli bila mashine yoyote, na Mungu alipomwuliza habari za ndugu yake, alijibu kwamba yeye si mlinzi wake. Basi silaha huja mwisho. Kinachotangulia ni moyo uliokataa kumtazama ndugu.

Je, yatupasa kufanya nini sisi wa Mlandege, wa Kalenga, wa Mbeya na wa Njombe, tusio na bomu wala kiti katika mabaraza ya wakubwa?

Kwanza, tuwafundishe watoto wetu historia hii kwa haki. Tuwapeleke Lugalo na Kalenga, na tusiwaonyeshe ushujaa peke yake. Tuwaambie pia habari za ghala lililochomwa, za mpagazi asiye na jina, za Askofu Spiss, za mtoto wa Kipolandi aliyezikwa Ifunda, za mama wa Urakami. Mtoto aliyefundishwa kulilia wafu wa upande mmoja tu atakuwa tayari kuua wa upande wa pili.

Pili, tuulize juu ya jiwe. Katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, katika nchi ile ile iliyolia njaa ya Majimaji, imegunduliwa urani mahali paitwapo Mto Mkuju. Elimu ya atomi si dhambi. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, miali ya namna hiyo huwatibu wagonjwa wa saratani, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa kitu, na hatutaki tena Mwafrika abebe asichokijua. Kabla ya kuuliza bei ya jiwe, tuulize: Laenda wapi? Litafanya nini? Nani ataulinda mto na afya ya wachimbaji? Raia anayeuliza hivyo kwa adabu haipingi Serikali yake, bali aisaidia.

Tatu, tuzilinde ndimi zetu. Siku tutakapomsikia mtu akiwaita watu wa kabila jingine, au dini nyingine, au chama kingine, kwa jina la mdudu au la mnyama, tusicheke. Tumwambie hapo hapo, kwa upole, kwamba hao ni watu. Ni jambo dogo, lakini Hiroshima na Rwanda zote zilianza mahali pale ambapo mtu mmoja aliacha kumwona mwenzake kuwa mtu.

Vita havina macho. Lakini sisi tunayo. Mwenyezi Mungu alitupa macho hayo ili tuuone uso wa ndugu, na ndani ya uso wa ndugu tumwone Mwanawe, aliyeng'ara mlimani na kutemewa mate Yerusalemu. Na amjalie kila mmoja wetu asimgeuzie kisogo anayelia, awe jirani wa mlango wa pili au mtu wa ng'ambo ya bahari.

Ee Maria, Malkia wa Amani, utuombee.